Jiko Nililolitupa kwa Sababu ya Mijusi

Siku niliyobeba jiko la mkaa linawaka na kulitupa uani mbele ya mama mkwe wangu, mtaa mzima hapa Newala ulisema mijusi wamenipanda kichwani.

Sikatai. Ninachojua kuhusu joto nimefundishwa na mijusi wawili. Kaeni mkao wa kula.

Naitwa Faidha, mtoto wa Masasi. Rafiki yangu Oliva, tabibu kule Ndanda, alipohamia Dodoma aliniachia mijusi wake. Si hawa wa ukutani. Hawa wana madoa kama chui, mkia mnene, wapole, wanafugwa ndani kama paka. Nilipoolewa na Hamidu nikapanda naye Newala, nikapanda nao.

Kazi ikawa nyumba yao. Nikapata kabati la vioo la muuza chipsi aliyefunga biashara. Ndani nikatandika gazeti, maana mchanga wanaumeza. Kona moja nikaweka chungu kilichovunjika, wajifiche.

Siku ya kwanza tu, liko barazani, jamaa wa bodaboda akasimama.

"Dada, chipsi kavu, pilipili kwa mbali."

Kuchungulia! Aliondoka hata pikipiki hajaiwasha, anaisukuma.

Mama mkwe wangu, Bi Stamili, hakucheka. Alikuja na ufagio.

"Mjusi kafiri huyo! Kumuua ni thawabu!"

Nikasimama mbele ya kabati. "Mama, shikamoo. Kafiri ni yule wa ukutani, hana kope. Huyu mtazame, anapepesa."

Mjusi akafumba jicho moja. Bi Stamili akaruka nyuma.

"Ananikonyeza! Hamidu, mkeo kaleta jini!"

"Ukimpiga yeye, nipige na mimi," nikasema. Hamidu akajifanya anatafuta simu yake.

Ukaja mwezi wa sita. Masasi kule chini habari ya kutafuta joto hata huifikirii. Newala ukungu unaingia mpaka kwenye shuka. Mijusi wakaacha kula panzi, wakalegea.

Nikafanya kosa la huku kwetu. Nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikakaa nao nashona. Kichwa kikaanza kugonga. Miguu ikaisha nguvu, nikatambaa mpaka nje.

Oliva kwenye simu alinifokea kama mtoto. "Faidha, unataka kufa? Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu. Haina harufu, inakulaza hivi hivi!"

Basi nikatafuta balbu ya kizamani, ile inayounguza vidole, nikaifunga chini ya trei la kabati, upande mmoja tu. Juu ya trei nikaweka kigae cha sakafu, kwa sababu hawa wanataka joto la tumboni. Upande wa pili nikauacha wa baridi, wachague wenyewe. Umeme ukikatika, naweka chupa za maji ya moto nimezifunga kwa khanga kuukuu. Wakarudi kula, wakanenepa.

"Mijusi wanalazwa kama wagonjwa wa Ulaya," Bi Stamili akawa anawasimulia majirani. Nikamwacha aseme mpaka achoke.

Ndipo wifi yangu Naima akaja kujifungulia kwao. Mnajua mambo ya uzazi huku, mzazi hapigwi na upepo. Alipojifungua tu, Bi Stamili akasukuma jiko chini ya kitanda, akaziba dirisha kwa matambara.

"Mama," nikasema, "jiko la namna hii lilitaka kuniua. Tumpe chupa za maji ya moto."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe hujazaa. Uzazi umefundishwa na mijusi?"

Jamani, neno lile lilinichoma. Nililia jikoni peke yangu. Hamidu akaniambia nimheshimu mama yake, nikaliacha jiko humo.

Asubuhi yake nikapeleka uji. Naima kalegea, macho hayakazi.

"Wifi, kichwa... niache nilale."

Nikamgusa mtoto. Halii, shingo inaanguka tu.

Hapo heshima iliniisha. Nikambeba mtoto mpaka barazani, nikarudi nikamburuta wifi. Bi Stamili akaja mbio.

"Unawapiga upepo! Warudishe ndani!"

"Thubutu!"

Nikaingia tena, nikalitoa jiko, nikalitupa. Mkaa ukasambaa uani.

"Leo hii nakurudisha kwenu Masasi!"

"Nirudishe, mama. Lakini hili jiko humo ndani halirudi!"

Mtoto akapiga kelele. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Hospitali, muuguzi alirudia maneno ya Oliva vile vile. Bi Stamili alisikiliza mpaka mwisho.

Tuliporudi nyumbani nikaanza kufungasha nguo zangu. Nilijua natimuliwa, na nilikuwa tayari. Bi Stamili akaingia, akakaa sakafuni karibu na kabati.

"Kabla ya Hamidu nilikuwa na mtoto," akasema. "Alifia kwenye chumba kama kile, jiko chini ya kitanda. Mdogo wangu Zabibu ndiye aliyekuwa akinihudumia. Tukasema kamroga."

Hamidu alikuwa mlangoni. Miaka yote hiyo hakujua kwamba ana mama mdogo.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Kijijini Mkunya. Nilimfukuza mwenyewe, na watu wote wa huko nikawaambia ni mchawi."

Nilimchukia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja. "Kesho tunakwenda," nikamwambia, na safari hii hakubisha.

Tulimkuta Bi Zabibu anamenya mihogo. Mikono imekomaa, anaishi peke yake, majirani wanapita mbali na nyumba yake. Bi Stamili akapiga magoti kwenye maganda.

"Zabibu, hukuwa wewe. Lilikuwa jiko."

Bi Zabibu akaweka kisu chini.

"Nilikwambia siku ile ile," akasema. "Nilikwambia dirisha lifunguliwe, mtoto anakosa pumzi. Ukasema aliyejua kabla ndiye aliyeloga."

Hakumwinua. Na mimi sikumwombea msamaha.

Ninyi mnaosoma hapa, mtu akikwambia fungua dirisha, lifungue kwanza. Kajuaje, utamuuliza baadaye, mtoto akishalia.