Miguu ya Bibi Minza

Nilipokuwa mtoto pale Buhongwa, nilimuua bibi yangu kwa kumruka miguu. Ndivyo ukoo mzima ulivyosema, na mimi, mtoto wa miaka tisa, ningebishana na nani?

Bibi Minza, mama yake baba, alikuwa na ugonjwa wa viungo. Asubuhi vidole vilimkakamaa hata kikombe cha uji nikamshikia mimi, na magoti yakivimba alitoka kitandani kwa kusota. Shangazi Kabula, binti yake mkubwa, akampeleka kwa mganga mmoja upande wa Mkolani. Wakarudi na unga wa kijivujivu wa kutia kwenye uji, na sharti moja: mgonjwa asirukwe miguu. Akirukwa, ugonjwa utarudi na kuondoka naye.

Loo, unga ule! Wiki haikuisha, bibi akawa anasonga ugali mwenyewe. Miezi ilivyopita uso ukamjaa, mashavu yakawa mviringo, majirani wakamwambia, "Mama Kabula, umenawiri!" Akawa ananikimbiza na ufagio kwa utani. Nilimpenda mno bibi yule.

Mchana mmoja alikuwa ameketi mkekani mlangoni, miguu kainyoosha, anachambua dagaa. Nikasikia wenzangu wanaanza mchezo wa rede nje. Nikatoka ndani mbio, nikaruka. Bibi mwenyewe alicheka tu. Shangazi, aliyekuwa uani, alipiga yowe utadhani kaona chatu.

Akaenda kwa mganga siku hiyohiyo, akarudi na agizo: dawa imekufa, imwagwe yote, mgonjwa asionje hata chembe mpaka apatikane kondoo mweusi wa kumtakasa.

"Niachieni hata kijiko cha kesho," bibi aliomba.

Shangazi akaumwaga unga wote chooni.

Siku ya tatu bibi hakuweza kukaa. Alitapika, akaishiwa nguvu, akawa anazimia kila akiinuliwa. Kondoo alipopatikana, bibi alikuwa amekwishakata roho, kwa hiyo kondoo yule akaliwa msibani. Mimi sikupewa hata mfupa. Shangazi alinitoa kwenye mkeka wa watoto wenzangu, akasema mbele ya watu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu kavunja la mama yangu." Baba alisikia, akatazama chini. Hilo sijamsamehe mpaka leo, nalisema wazi.

Siku hizi natoa dawa kwenye zahanati moja huku mjini. Wagonjwa wa viungo nawaeleza: kuna vidonge vinavyoshusha uvimbe haraka sana, lakini ukivitumia miezi mingi hujaza uso, na mwili huzembea kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukivikata ghafla unaweza kufa. Daktari ndiye huvipunguza, kidogo kidogo. Siku nilipofundishwa hayo chuoni nilitoka darasani nikalia. Unga wa mganga haukupimwa popote, siwezi kuapa kwamba alisagia vidonge humo. Ila uso ule wa mviringo naujua, nauona dirishani kwangu kila mara.

Mwaka jana nikaenda kwa Shangazi. Sasa viungo vinamtesa yeye.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikaketi naye mkekani, nikamweleza yote taratibu, kama ninavyomweleza mgonjwa. Nilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake: kwamba sikumuua mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kweli umesoma, mwanangu," akasema.

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikainuka nikamletee maji ya kumezea dawa zake. Shangazi akaikunja miguu haraka, miguu ile isiyokunjika, machozi ya maumivu yakamtoka, akaifunika kwa kanga.

"Pita nyuma," akasema.

Nikapita nyuma. Na nyumbani kwangu, vyeti vyangu viko ukutani, lakini mwanangu akilala sebuleni kanyoosha miguu, bado nazunguka.