Majembe Yaliyokuja Mara Mbili

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja nilipomlilia maiti aliye hai, nikamlilia vizuri sana. Keti nikueleze. Ukitaka kucheka, cheka, maana mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha. Pa kunyamaza utapajua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda. Sukari ilikuwa hadithi, sabuni tuliikata vipande kama nyama ya harusi, na kwa kuwa mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, magari ya watalii yaliyokuwa yakipita Karatu kupanda kreta kutazama wanyama yakawa machache. Hoteli za kule juu zikapunguza watu. Ndipo akatufikia Shabani, Mnyaturu wa Singida, aliyekuwa akiosha vyombo hotelini na kujiona kafika. Aliposhushwa huko juu alipata kazi pale tulipokuwa sisi, kwenye shimo la moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe unaomwagwa barabarani.

Sisi maana yake ni mimi Paskalina, mpika uji wa vibarua, na Bura, kijana mwenzangu wa Kiiraqw aliyekaa na mama yake ng'ambo ya korongo. Bura alichimba, Shabani alisukuma toroli, mimi nilikoroga. Moramu ya kiangazi ilisombwa na mvua, tukachimba nyingine ya kumwaga palepale. Tulikuwa vijana, akili tunazo, nguvu tunazo, na tumekwama kama lori kwenye tope. Bura alizoea kusema, "Mimi nitafia humu, na siku hiyo mtanikata nusu siku kwa kutomaliza zamu." Tulicheka mpaka uji ukaungua.

Kwa maneno hayo Shabani akapata wazo. Tutunge mchezo wa kuigiza, tuucheze Krismasi kwenye uwanja wa shule. Kibarua anafia shimoni, wenzake wanagombania viatu vyake vya mpira kabla hajapoa, kisha anafika mbinguni na kuambiwa arudi akamalize zamu. Bura awe maiti, Shabani awe malaika, mimi niwe mjane. Vifaa hatukuwa navyo. Ndevu za malaika zilikuwa katani, na sanda ilikuwa magunia ya unga wa njano niliyoyashona mwenyewe, kwa maana nguo nyeupe miaka ile hata wafu halisi waliipata kwa shida.

Sasa nisikilize. Katika kilio, mwanangu, mimi sikuwa na mpinzani. Nilikuwa na sauti inayopanda, inakaa kule juu, kisha inashuka polepole mpaka mtu anasahau alilokuwa akilifanya. Nilijivunia sauti hiyo kama wengine wanavyojivunia nywele. Na sisi watu wa vilima vile tulikuwa na kanuni isiyoandikwa popote: yowe la msiba likisikika, kila anayelisikia anaacha alichoshika na kuja. Wanaume wanakuja na majembe ya kuchimbia kaburi, wanawake na kuni na unga. Huulizi kafa nani. Utauliza ukifika.

Nililijua hilo tangu nanyonya. Bura alilijua. Lakini siku ile, vibarua wengine wakiwa wameshatawanyika, sisi tulifanya mazoezi kwenye ukingo wa shimo, juu ya kilima, mchana kweupe, na wala halikutupitia akilini. Bura alilala ndani ya magunia yake, miguu nje. Shabani akaniambia, "Dada Paskalina, jana ulilia kama mtu aliyeibiwa kuku. Leo lia kama mtu aliyefiwa." Nikavuta pumzi, nikalia.

Nililia kwa raha zangu zote. Nilimtaja Bura kwa jina, na shimo, na udongo uliomla kijana wa watu. Nililia tena, na tena, maana sauti yangu ilinipendeza mwenyewe.

Mtu wa kwanza alipotokea na jembe begani, Shabani alifurahi. Wakaja wengine, wakaja wanawake na kuni vichwani, wanahema. Shabani akaninong'oneza, "Watazamaji hao! Endelea, usiharibu!" Na Bura aliposikia nyayo za watu akadhani vilevile, akabana pumzi ili awe maiti bora. Mimi nilikuwa nimeshaona nyuso zao. Nilifungua kinywa niseme ni mchezo, ulimi haukunyanyuka.

Watu wakapisha njia, akapita Mama Bura.

Mwanamke yule alikuwa na mtoto mwingine, kaka yake Bura, aliyekwenda vitani na hakurudi. Wala mwili haukurudi. Hakupata pa kulilia. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami kovu lile nilikuwa nimelikanyaga kwa viatu. Hakupiga kelele. Aliketi chini mchangani, akaishika miguu ya mwanawe, akaanza kuondoa changarawe katikati ya vidole, moja moja, taratibu, kwa ncha ya nguo yake, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kanisani.

Na Bura alikuwa mwepesi wa kutekenyeka nyayo.

Alijizuia, kwa kweli alijizuia, magunia yakawa yanatikisika. Kisha maiti akacheka.

Mzigo wa kuni ulimponyoka mama mmoja, hakuna aliyegeuka kuutazama. Bura akaketi na magunia yake, meno nje, akaona majembe, akamwona mama yake, na kicheko kikamfia mdomoni. Mama Bura aliinuka, akajifunga nguo yake vizuri, akaenda zake. Hakumtukana, hakumpiga. Toka siku hiyo alimpakulia chakula na kukiweka mbele yake, neno hakumpa.

Watu walipopata sauti zao, walikuwa na haki ya kutuchapa. Jirani mmoja, Tsere, mtu wa maneno makali, alitema mate akasema, "Siku nyingine mkilia, lieni mpaka mlale. Hatuji ng'o!" Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, hawaji.

Mzee Lohay, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akainua fimbo yake.

"Hapana, Tsere. Mtakuja."

"Baba, hawa wametufanya wajinga!"

"Wamewafanya. Na wakilia kesho, mtakuja. Kesho kutwa wakilia, mtakuja. Yowe si mali ya watoto hawa hata likiharibika tuliache. Ni letu. Tukianza kuchagua lipi la kweli lipi la uongo tukiwa tumeketi majumbani, basi tumekwisha." Akatugeukia. Nilitazama vidole vyangu. "Na ninyi. Jembe lililotoka kwa ajili ya kaburi haliwezi kurudi hivihivi begani mwa mwenyewe. Mtayabeba ninyi. Kila jembe mlirudishe kwenye mlango lilikotoka, na pale mlangoni mseme kwa vinywa vyenu: hakuna aliyekufa."

Nilidhani ni adhabu ndogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, mpaka uwekwe kwenye bega lako. Tuliyabeba majembe yale siku baada ya siku tukitoka kazini. Ndipo nilipojua sauti yangu ilifika wapi. Ilikuwa imevuka korongo, na korongo la pili, ikafika kwa watu nisiowajua hata kwa sura. Jembe moja lilikuwa la bibi kikongwe, mguu wake mmoja umekauka, anayetembea kwa kujivuta. Alilileta mwenyewe kwa kuwa nyumbani kwake hakuna mwanamume. Nilipomwambia hakuna aliyekufa, alinishika mikono yote miwili akasema, "Afadhali, mwanangu. Afadhali." Hakukasirika hata kidogo. Heri angenizaba kofi. Nilirudi njia nzima nikilia, na safari hii sikusikia kama sauti yangu ni nzuri.

Mvua za vuli zikaanza, ukingo wa shimo ukalowa. Moramu nzuri ilikuwa chini, basi vijana waliifuata kwa kuchimba ndani ya ukuta kama wanachimba pango. Siku moja ya manyunyu, vibarua wengine hawakuja. Shabani alipanda kuchukua uji, akamwacha Bura na toroli mle pangoni. Nilikuwa na kata mkononi nikasikia mguno, kama ng'ombe anayelala. Nilipotazama, ukuta haukuwepo. Na Bura hakuwepo.

Shabani aliruka chini akaanza kuparura kwa kucha, udongo ukishuka zaidi ya anaoutoa. Akanipigia kelele, "Lia, Paskalina! Lia!"

Nikasimama ukingoni palepale. Kilio kile kile, jina lile lile, shimo lile lile. Niliona uso wa Tsere ukisema hatuji ng'o. Nilijiuliza, ningekuwa mimi ni wao, ningekuja? Na jibu nililopata ndilo lililonitisha kuliko udongo. Nikalia. Sauti nzuri ilikataa kutoka. Ilitoka sauti ya ndama aliyekabwa, mbaya, imekatikakatika.

Vilima vikanyamaza. Ng'ambo ya korongo nilimwona mtu ametoka mlangoni, amesimama, anatazama upande wetu. Hakusogea. Nililia tena. Mtu yule aliingia ndani. Nikasema moyoni, nimemuua Bura.

Kisha akatoka. Na jembe begani.

Akatokea mwingine kule chini, na mwingine, wakikimbia mvuani. Yule wa kwanza alikuwa Tsere. Alikuja akitukana njia nzima, namsikia mpaka leo, "Ikiwa ni mchezo nawafukia wote watatu!" na miguu yake haikupunguza mwendo. Alipoliona shimo, akafunga mdomo akaruka ndani. Mzee Lohay alifika akishikiliwa. Yule bibi wa mguu mkavu alifika wakati wengine wameshachoka, akawapa jembe lake. Na Mama Bura alikuja na jembe lake mwenyewe, bado hamtazami mtu.

Walichimba kwa adabu, wakiogopa kumkata. Miguu ndiyo iliyoonekana kwanza, imetulia, myekundu kama udongo wenyewe. Tsere akavua kofia. Mmoja mmoja wakaacha majembe yakaning'inia mikononi. Nikaona wanawake wanashika vichwa.

Mama Bura alipiga magoti kwenye tope. Akaishika miguu ile, akaondoa changarawe katikati ya vidole, moja, halafu nyingine. Kisha, mbele ya watu wote, akaukwaruza unyayo wa mwanawe kwa ukucha.

Vidole vikajikunja.

"Chimbeni!" alipiga kelele. "Mnatazama nini? Chimbeni!"

Lo, walichimba! Toroli lilikuwa limemfunika kichwa na kumwachia pumzi kidogo. Alipotoka alikuwa na udongo masikioni, puani, kila mahali, anakohoa, hajui yuko wapi. Mama yake alimkumbatia kichwa, na neno la kwanza alilompa tangu ile siku ya magunia lilikuwa hili: "Cheka." Bura hakuweza. Akamtikisa. "Cheka, mwanangu. Sasa cheka." Akacheka, kicheko kibovu chenye matope, na watu wote pale shimoni wakaangua kilio. Hata Tsere. Hasa Tsere.

Mbavu zilizovunjika zilipoungana Bura alirudi shimoni, nasi wengine tulikuwa hatujatoka, kwa kuwa kazi nyingine ilikuwa wapi? Mchezo tuliucheza Krismasi ya mwaka uliofuata. Penye kilio cha mjane nilifungua kinywa bila kutoa sauti, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni ufundi. Mama Bura aliketi mbele. Yeye alijua.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Maisha yakikubana, yacheke. Kicheko ni haki ya mtu aliyekwama, usikubali akunyang'anye yeyote. Lakini kuna kamba moja inayotushikilia sote, nayo ni ile ya kuitana na kuitikiana. Hiyo usiichezee, maana mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na ikiwa wameichezea wengine, ikiwa jana walikuita ukakuta wanacheka, leo wakikuita nenda. Kasirika, tukana kama Tsere, lakini nenda, na jembe lako begani. Afadhali uende mara kumi uambiwe hakuna aliyekufa, kuliko uketi nyumbani ile mara moja.

Wazee wetu walimaliza mazungumzo kwa slufay, maombi ambayo mmoja anasema na wengine wanaitikia. Mimi sina kipaji chao, ila acha nikuombee. Udongo utakaoukanyaga ukushike vyema. Sauti yako ikitoka, ipate sikio. Mlango wako usikose mtu wa kuutazama kutoka ng'ambo. Na siku utakapokuwa chini kabisa, pasipo mwanga, awepo anayejua unatekenyeka wapi.

Haya, itikia.