Chini ya Kawa ya Mjomba

Kila nikinusa ukindu mpya, mkono wangu husita. Wanangu hunicheka: mtu mzima, hafunui kawa ya chakula mpaka aigonge kwanza kwa kijiko. Waacheni wacheke. Nyinyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtaani Kibokoni. Nyumba yetu ilipakana na ya Mjomba Sefu, kaka yake mama, na sisi watoto tuliingia kwake bila hodi. Mjomba alikuwa fundi saa, mpole, asiye na mke, na chumbani mwake alifuga swila, yule nyoka atemaye sumu machoni mwa mtu. Alimweka ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli. Mama akilalamika, Mjomba humjibu, "Dadangu, huyu ana adabu kuliko majirani."

Nami nilimpenda nyoka yule, siwafichi. Alipoinuka na kutanua shingo, weusi wake uking'aa, nilisahau hata kumeza mate. Sijaona tena kiumbe mzuri kama yule. Kwamba pua yake ilikuwa imechubuka kwa kusugua kioo, niliona, lakini sikujiuliza kwa nini.

Alasiri moja ya Ramadhani mama alinituma kwa Mjomba na sahani ya kaimati za futari, na mdogo wangu Aisha, wa miaka minne, akanifuata. Mjomba alikuwa akisafisha sanduku. Nyoka alimtia ndani ya chungu, akakifunika kwa kawa mpya ya ukindu, akatoka mara moja kuchota maji. Na kwetu, jamani, penye kawa pana chakula. Aisha akaifunua.

Swila akainuka, uso kwa uso naye. Mjomba alikuwa amefika mlangoni na ndoo, akaitua bila kishindo.

"Fumba mato, mwanangu," alisema polepole, kama ambembelezaye alale. "Nami nafumba."

Aisha alizoea kucheza naye kibemasa, mchezo wa kufumba macho na kujificha, akafumba. Mjomba hakufumba. Aliuweka uso wake mbele ya uso wa mtoto, macho wazi, kwani nyoka hakamatwi na asiyeona. Sumu ikampata machoni. Alimkamata nyoka hivyo hivyo, akamrudisha chunguni, akafunika, ndipo akapapasa kuitafuta ndoo ajioshe.

Alilazwa hospitali. Nyoka alichukuliwa na watu wanaowajua nyoka. Mtaa mzima ulimsifu Mjomba kwa ushujaa, isipokuwa mama.

Siku aliyorudi, macho bado mekundu, mama aliandaa futari yake. Nikanyoosha mikono nipokee sahani iliyofunikwa kwa kawa. Mama akampa Aisha, ampelekee peke yake, nami nikachungulia mlangoni. Mjomba aliipokea, akaifunua mwenyewe, akalia kwa kwikwi. Nilidhani macho yanamuuma.

Nilikuja kuelewa nilipopata mtoto wangu mwenyewe, naye akaanza kuingia nyumba za watu bila hodi. Hatari ile Mjomba aliichagua yeye. Aisha hakuulizwa, wala sisi, wala yule nyoka. Mjomba alilijua hilo kabla yetu sote. Na mama, aliyekuwa na haki ya kumfungia mlango, alimsamehe kwa kumtuma kwake mtoto yule yule.