Saruji ya Kaburi la Mnyapara

Nilikuwa nimemaliza kuandika jina la baba kwenye saruji mbichi, msumari mkononi, nashuka mstari wa pili, ndipo shangazi aliposema tusubiri kwanza, kuna jambo. Nikajua tumekwisha. Kwenye ukoo wetu mtu akisema kuna jambo, viti vinaletwa.

Vikaletwa kweli, pale pale kaburini, nyuma ya nyumba yetu ya Itigi, jua la saa tano likiwa limeshakaza. Eti kikao. Ikabidi kifunguliwe kwa sala, na waliolala nyumba moja wasalimiane upya kana kwamba wameonana sasa hivi. Fundi, kijana wa watu, alisimama pembeni na mwiko wake akinitazama mimi, nami nikitazama saruji. Hivi kweli kikao hakikuweza kuitwa jana jioni, tulipokaa wote uani tukila ugali hadi tukachoka?

Baba alikuwa mnyapara wa genge la reli. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha njia na watu wake, wakitafuta mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli, kokoto zilizohama na reli iliyopinda kwa joto. Reli ikitakiwa kusogezwa, wanaume walichomeka mitaimbo chini yake, naye akapiga magoti, akalaza shavu juu ya chuma, akaitazama mpaka mbali. Kisha akaita, nao wakasukuma kwa pumzi moja. Nilimwona hivyo nikiwa mtoto, nikipeleka uji. Hata alipostaafu, ukimwita mzee alichelewa kuitika. Ukimwita mnyapara aligeuka hapo hapo.

Siku zile alipozidiwa aliniita, akaniambia nisije nikamwandikia maneno mengi. Jina lake, na chini yake Mnyapara, basi. Nikamwahidi. Sikuona ugumu wowote katika neno moja, na yeye alilala usingizi mzuri siku ile, kwa hiyo nilijua ahadi ile imemtuliza.

Sasa shangazi. Ni dada yake wa pekee aliyebaki, alikuja kutoka Kilimatinde na kanga zake mbili na sauti ambayo haijawahi kuzeeka. Alisema neno lile halitakaa juu ya mifupa ya kaka yake yeye akiwa hai. Akaeleza habari za babu yao, ambaye wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza alikamatwa akabebeshwa mizigo kutoka boma la serikali. Mnyapara ndiye aliyekuwa anatembea mikono mitupu, isipokuwa kiboko. Ukitua mzigo kabla hajasema, unalo. Shangazi akiwa msichana ndiye aliyekuwa anampaka yule babu mafuta mgongoni, na vidole vyake vilikuwa vinapanda na kushuka kwenye makovu kama kwenye matuta ya viazi.

"Nikija hapa kumwombea kaka yangu," alisema, "mnataka nianze kwa kusoma hilo?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Angekuwa anasema uongo ningemkatisha.

Kaka yangu naye akadakia, kama vile moto ulikuwa haujatosha. Yeye alikaa gerezani kwa kesi ya ng'ombe ambayo hatuizungumzii, na akasema huko mnyapara ni mfungwa aliyepewa ukubwa juu ya wenzake, anayeamua nani alale karibu na ndoo ya choo. Yeye alilala karibu na ndoo. Akapendekeza tuandike Msimamizi. Nikamwuliza msimamizi wa nini, wa harusi? Watu wakacheka, mimi sikucheka.

Nikasimama nikasema yangu, tena kwa hasira. Niliwaambia kabla ya boma lolote kuwepo, misafara ilipokuwa inapita nchi hii kwenda pwani na pembe za ndovu, mnyapara alikuwa mkubwa wa wapagazi, mtu anayejua maji yako wapi na nani miguu imevimba. Wenye boma wakalichukua neno wakalikabidhi kiboko. Reli ikalichukua, gereza likalichukua, na leo kwenye majengo mnyapara ni yule anayefoka siku nzima bila kushika koleo. Kila mtu amelivaa kwa mwili wake. Kwa nini baba yangu ndiye avuliwe kwa sababu ya wengine waliolivaa vibaya?

Shangazi akasema naongea vizuri sana, ila mgongo ule sikuupaka mafuta mimi.

Hapo fundi akakohoa. Alikuwa ananyunyiza maji kwa kitawi, anarudia, lakini upepo wetu wa huku unakunywa maji kuliko ng'ombe. Akaniambia taratibu, "Mama, inaanza kushika." Nikawaambia wenye kikao inaanza kushika. Mzee mmoja akajibu kwamba mambo ya ukoo hayaendeshwi na saruji, na zamu ikaendelea, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akianza kwa kushukuru kupewa nafasi. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hata mimi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini pikipiki iliposimama mbele ya nyumba ikashusha wazee wawili. Nikawafahamu, ni watu wa genge la baba, ndio waliobaki. Tukawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakaonyeshwa viti wakavikataa. Walikwenda moja kwa moja hadi miguuni pa kaburi, wakasimama bega kwa bega, wakavua kofia.

"Mnyapara," mmoja akasema, "genge lipo."

Tulipokuwa tunaishi nyumba za reli, kila alfajiri niliamshwa na maneno hayo nje ya dirisha la jiko, na baba alikuwa na jibu lake moja, siku zote lile lile. Wazee wale wakasubiri. Kikao kizima kikawageukia, hata wale ambao zamu yao ilikuwa bado.

Kutoka kwenye mkeka mama akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayegeuza uji:

"Twende, jua lisitutangulie."

Wazee wakavaa kofia zao. Mmoja akajifuta macho kwa kiganja. Nami nikalia, sikuficha, nikalia mbele ya ndugu wote niliokuwa nimewachukia tangu kikao kianze.

Shangazi alikuwa amewakazia macho wale wazee. Akawauliza, polepole, kaka yake alikuwa anabeba nini, wao wakinyanyua reli.

"Mtaimbo wake," mzee akajibu. "Akishatazama, anakimbia kuushika, ndipo anaita. Hatukuwahi kunyanyua yeye akiwa mikono mitupu."

Shangazi akafunga kanga yake upya kiunoni, akainuka bila kumsubiri mtu wa kumshika mkono, akaniambia, "Andika."

Nikapiga magoti. Msumari ukateleza. Nikaukandamiza kwa mikono miwili, ukapiga kelele na kuacha mchirizi mweupe uliofutika nilipoupitishia kidole. Fundi akatazama pembeni. Nilitaka kuwageukia wote nikawaambia kila nilichokuwa nacho kooni, na shangazi awe wa kwanza, lakini alikuwa ameshachuchumaa karibu yangu. Akaweka kidole gumba pale pa wazi, chini ya jina la kaka yake, akabonyeza kwa nguvu zake zote. Alipokiondoa, hapakuwa na alama.