Fundo la Ng'ombe Kwenye Jabali

Kwa miaka sita nilikana kwamba mimi ndiye niliyefunga lile fundo. Niliwakania walimu wenzangu, nikawakania watu wa nyumbani, na mara moja nilikana bila hata kuulizwa, nikiwa kwenye foleni ya posta. Ukweli ni kwamba nililifunga kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikajipongeza.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya fasihi, nikifundisha Nyeri na kupanga chumba Majengo. Walimu sita tulijiunga na chama kidogo cha kupanda mlima. Tulisema ni aibu mlima uko mlangoni petu na wanaoupanda ni wageni. Hiyo ndiyo sababu tuliyoitaja. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nilitaka pia kuonekana nimevaa suruali.

Mwelekezi wetu alikuwa mtu mzima wa Kutus, mpole, aliyebeba mizigo ya wapanda mlima hadi akaijua kazi kuliko waliomlipa. Alitufundisha fundo moja tu la kujifunga kamba kwenye mkanda. Unachora nane, unapitisha ncha kwenye mkanda unaozunguka kiuno na mapaja, kisha unairudisha kwa njia ileile mpaka nane ziwe mbili zilizolala pamoja. Unaacha mkia wa shibiri moja. Tulimwuliza kwa nini hilo, na mafundo ni mengi.

"Kuna zingine zinashika," akasema. "Lakini hii, hata mtu amesimama kule anaona kama iko sawa. Zingine mpaka nikuje nishikeshike."

Jumamosi ya tatu, chini ya jabali moja nje ya mji, nane ilinitoroka. Nilichora kitu kilichokaribia tisa.

"Profesa, tutazeeka hapa!" mwalimu wa hesabu akapiga kelele.

Basi mikono ikafanya yale iliyoyajua. Nilifunga fundo la ng'ombe, alilonifundisha mama nikiwa na miaka saba. Ng'ombe akivuta, linabana; wewe ukivuta mkia, linafunguka mara moja. Lazima lifunguke kwa mkono mmoja, mama alisema, maana wa pili umeshika ndoo. Lilikuwa limemzuia kwa miaka mingi mnyama mzito kuliko mimi na mwenye hasira zaidi. Niliiona hiyo kuwa hoja ya kisomi. Nikavuta sweta chini, likafunika fundo.

Mwelekezi akaja. "Mwalimu, nione fundo."

"Iko sawa."

"Wacha nione tu."

"Ati unataka kuangalia nini hapo?" nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Wenzangu wakacheka. Fundo la mkanda hukaa chini ya kitovu. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, baba wa watoto, na hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angeinua sweta la mwalimu mwanamke mbele ya watu. Aligeuza uso. Nilijua angeugeuza. Akazunguka njia ya pembeni kwenda kunishikia kamba kutoka juu.

Nilipofika kimo cha nyumba mbili, mkia wa fundo ulinasa kwenye kichaka. Nilijiinua. Kamba ikaniacha bila kelele, ikaning'inia kando yangu kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa jiwe wenye upana wa kitabu, na hapo nilibaki, nimelikumbatia jabali, mpaka aliposhuka na kamba ya pili akanifunga yeye mwenyewe, nane, bila kunitazama usoni.

Tulipofika chini, mwenyekiti wa chama aliuliza, "Nani alimfunga huyu?"

"Yeye," nikasema.

Mwelekezi alikuwa akikunja kamba. Aliendelea kuikunja.

Mwenyekiti alimwambia asirudi. Katika kazi ile neno moja latosha. Mwezi haukuisha kabla ya watu wa Kutus hadi Murang'a kusikia habari za mwelekezi ambaye mafundo yake hufunguka, na akarudia kubeba mizigo ya wengine. Mimi nilijiambia kwamba hakukagua, kwa hivyo kosa ni lake. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli wa kutosha kunipatia usingizi.

Kisha nikahamishiwa Murang'a. Asubuhi moja, mwaka wa sita baada ya jabali, niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kupokea simu. Alibaki kitini, akijifanya anasoma ratiba.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa chuo cha kufundisha waelekezi. Walitaka kumwajiri mtu wa Kutus awe mkufunzi, ila walikuwa wamesikia habari za kamba.

"Ametupa jina lako," akasema. "Anasema hakukagua fundo, na hilo ni kosa lake. Tukimwuliza nani alilifunga, anasema tukuulize wewe."

Mwalimu mkuu aliacha kufungua kurasa.

"Nililifunga mimi," nikasema.

"Na mbona hakukagua?"

"Aliomba kuona mara mbili. Nilimwaibisha mbele ya watu mpaka akaacha."

"Fundo gani?"

"La kufungia ng'ombe."

Operata wa simu akaingilia kusema dakika tatu zinaisha.

"Utaandika hayo kwa barua, mwalimu? Na sahihi?"

"Nitaandika leo."

Nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa kando yake, "Mwambie yule wa Kutus aje Jumatatu," kisha laini ikakatika.