Uji Aliouacha Bibi

Usiku kucha niliwaza: mama akinitazama, ataona kinyaa usoni mwangu? Dawa za saratani zimemmaliza miguu, imebaki mifupa.

Nilimkumbuka bibi, alasiri moja Chumbageni nilipokuwa mtoto, naye akitumia dawa kama hizo. Chumba kilinuka matapishi. Ngozi ya mapaja ilining'inia kama kanga mbichi kambani. Alinisogezea uji uliomshinda.

"Mke mwenzangu, wanionea kinyaa?" alinitania.

Niliamini atakayekula makombo yake naye atakwisha nyama. Nikatapika mkekani. Bibi akacheka: "Haya, sasa tumekuwa wawili!"

Leo najua saratani haiambukizi, lakini asubuhi mama aliposukuma bakuli lake, kichefuchefu kilinipanda vilevile. Nilichukua kijiko chake, nikaumaliza uji huku akinitazama.