Fundi wa Kompyuta Zilizokata Sauti

Saa mbili asubuhi, fundi anayeitwa Mama Spika yuko chini ya meza ya mteja, tochi ameiuma kwa meno. Anaufuata waya wa spika hadi mwisho, anauchomoa, anauchomeka tena. Kimya.

"Waya mzima, spika mpya," anasema akijipangusa vumbi magotini. "Nani kakuuzia?"

Mteja, mwanamume asiyeona wa miaka hamsini na minane, anajibu kuwa ni dukani, na hii ni jozi ya pili wiki hii. Hapo fundi anafura kwa hasira.

Ana haki ya kufura. Mzee huyu husikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, na kompyuta yake humsomea kwa sauti kila kilichomo kwenye skrini. Sauti ikikata, hana kazi. Leo ni siku ya nne tangu ikate, baada ya kompyuta kujisasisha yenyewe, na kazi inatakiwa saa sita mchana. Ikichelewa, kazi atapewa mtu mwingine.

Alipopiga simu huduma kwa wateja, aliambiwa aangalie kama alama ya spika ina msalaba mwekundu.

"Nikamwambia binti, mimi sioni," anasimulia. "Akasema nimwite mtu mwenye macho mazima aniangalizie."

Dukani nako hawakugusa mipangilio hata kidogo. Jozi ya kwanza ilipogoma wakamuuzia ya pili, nayo ilipogoma wakamwambia kompyuta imezeeka, anunue nyingine. Huo ni uvivu mtupu, na mteja ndiye aliyekatiwa risiti ya kuulipia.

Mama Spika ana miaka tisa kwenye kazi hii. Anasema kati ya kompyuta kumi anazoitiwa kwa kukosa sauti, saba hazijaharibika popote. Tatizo ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutoa sauti. Sasisho limeweka isiyo yake.

"Mafundi wanalijua hilo fika," anasema. "Wanakaa kimya kwa sababu draiva haiuziki."

Yeye ana desturi moja: haketi kwenye kiti cha mteja. Mzee anabaki kitini, vidole kwenye kibodi, naye anasimama nyuma akimsomea skrini.

"Mshale wa chini mara nane, mzee wangu. Bonyeza ingiza. Hiyo ndiyo draiva mbaya, ifute."

Kisha anachomeka flashi yenye draiva sahihi, na mzee anaiweka mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Kompyuta inajizima, inawaka tena. Sauti kavu inasoma: saa tatu na dakika kumi. Mzee tayari anatafuta faili lake.

Simu ya mzee ilikuwa ikirekodi maelekezo yote. Fundi anapanga kuwarekodia hivyo wateja wake wengine watano wasioona, kila mmoja kwa kompyuta yake, wasihitaji tena macho ya mtu.

Mzee anamuuliza, wakiacha kumwita atakula nini?

"Nitakula kwa wenye macho, baba," anajibu akikunja waya. "Hao ndio hawasomi kilichoandikwa kwenye skrini."